Mngurumo wa Mheshimiwa Tindwa

Nchi hii ipo. Jina lake nalo lipo, ila kulitaja kunahitaji kibali, na ofisi inayotoa vibali hivyo imefungwa tangu mwaka juzi kupisha maandalizi ya kufunguliwa kwake. Kwa hiyo tutaiita nchi hii tu, na anayeifahamu ataifahamu.

Katika nchi hii gari la mkubwa halizimwi. Mkubwa akishuka kwenda kuhutubia, kula, kuzika au kusali, gari lake hubaki nje likinguruma, dereva akiwa kwenye usukani, mpaka mwenyewe atoke. Wageni huuliza sababu. Huelezwa kwamba katika miaka ya mwanzo ya uhuru gari la kiongozi wa kwanza liligoma kuwaka mara tu alipomaliza hotuba yake ndefu juu ya kujitegemea, ikabidi lisukumwe na mabalozi wa nchi rafiki. Siku ileile ikatoka amri kwamba magari ya viongozi yasizimwe tena hadharani. Ilikuwa amri ya tahadhari tu, lakini ilikaa sana, na watu wakazoea kusikiliza.

Ndiyo maana hakuna waziri wa nchi hii aliyewahi kuandikiwa barua ya kufukuzwa. Dereva huambiwa azime, basi. Waziri akiwa katikati ya kikao husikia dirishani kwamba sauti moja imepungua katika zile nyingi, na kila waziri anaijua sauti ya gari lake kama mama anavyojua kilio cha mwanawe. Hukunja miwani, huinamisha kichwa kwa wenzake, hutoka. Jambo hilo linaitwa kuzimiwa. "Fulani kazimiwa," watu huambiana sokoni, na hakuna anayeuliza maana yake.

Mheshimiwa Anzuruni Tindwa, Waziri wa Nishati na Adabu za Umma, alikuwa hajazimiwa. Alikuwa mtu mpole, mpenda hesabu ndogondogo, na alikuwa na dada.

Dada yake, Zamoyoni, alikuwa mkunga mkuu wa Kituo cha Afya cha Mtondoni, mbali na makao makuu. Alimpigia simu kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana.

"Anzu, umekula?"

"Nimekula, dada. Huko mnaendeleaje?"

"Vizuri. Gari letu la wagonjwa lina vifaranga."

"Vifaranga?"

"Kuku wa mlinzi kaatamia juu ya machela, kaangua. Hatukumsumbua, maana gari lenyewe haliendi. Tangi kavu. Juzi tumempeleka mke wa fundi baiskeli hospitali ya wilaya kwa mkokoteni wa ng'ombe. Kajifungulia darajani."

"Mtoto mzima?"

"Mzima. Wamemwita Daraja. Sasa sijui wa safari ijayo ataitwa nani, na sijui kama atakuwepo wa kuitwa. Mdogo wangu, wewe si ndiye waziri wa mafuta?"

"Wa nishati, dada. Na adabu."

"Basi kwa adabu zote nakuomba mafuta."

Mheshimiwa Tindwa alikaa na maneno hayo wiki nzima. Kisha akapiga hesabu yake ndogo, akaona jambo lililomshangaza: magari ya serikali yalikuwa yanakunywa mafuta mengi zaidi yakiwa yamesimama kuliko yakiwa yanakwenda. Kupendekeza yazimwe hakungewezekana, kwa kuwa kungekuwa ni kupendekeza serikali nzima ifukuzwe kwa mkupuo. Lakini kupendekeza magari yenye injini za kubana mafuta, alifikiri, hakungemkera mtu.

*

Kampuni ya nje ilimtuma mtaalamu wake aje kulieleza Baraza la Mawaziri gari lenyewe. Lilikuwa krosova ndogo ya kifahari: fupi kidogo kuliko mawaziri walivyozoea, lakini imeinuka, viti vya ngozi, paa la kioo, na kiti cha nyuma kinachokunjika kikawa tambarare kama kitanda. Mawaziri walipapasa picha zake kwa vidole. Kisha mtaalamu akaeleza kwamba gari hilo linakuja na injini za aina tatu, na hapo ndipo kikao kilipoanza kuwa kigumu.

"Ya kwanza," alisema, "ni lita moja na nusu, silinda tatu, ina turbo. Ni ndogo lakini ina nguvu. Lita moja ya petroli inakupeleka kilometa kumi na tano."

Waziri wa Mipango akanyoosha mkono. "Nauliza kwa nia njema tu. Waziri mwenye silinda tatu akikutana kwenye daraja jembamba na mkuu wa mkoa mwenye silinda nne, nani ampishe mwenzake?"

Mtaalamu alikiri kwamba kwao jambo hilo halijafanyiwa utafiti.

Baraza likalifanyia utafiti palepale. Kwa kuwa gari la Mheshimiwa Sana, ambacho ndicho cheo cha mkuu wa nchi hii, lina silinda nane, ilikubaliwa kwamba mawaziri wapewe injini ya pili, ya lita mbili na silinda nne, ijapokuwa inakwenda kilometa kumi na moja tu kwa lita. Wakuu wa mikoa wapewe silinda tatu. Manaibu waziri walistahili silinda mbili. Mtaalamu alisema injini ya silinda mbili haitengenezwi. Ikaamuliwa manaibu wapewe za silinda tatu na waagizwe kutumia mbili.

"Na injini ya tatu?" aliuliza Mheshimiwa Tindwa, ambaye alikuwa ameisubiri hiyo tu.

"Ya tatu ni mseto. Injini ndogo ya petroli inasaidiana na betri. Hii ndiyo bingwa wa kubana mafuta, kilometa ishirini na mbili kwa lita. Siri yake ni kwamba gari likisimama, injini inajizima yenyewe."

Vichwa viligeukia dirishani. Nje magari yalinguruma.

"Inajizima yenyewe?" aliuliza polepole Waziri wa Mambo ya Ndani. "Bila kuagizwa na mtu?"

"Ndiyo. Hapo ndipo mafuta yanapookolewa."

Mawaziri walitazamana. Gari lenye uwezo wa kumwachisha waziri kazi bila kumshauri Mheshimiwa Sana lilikuwa jambo geni katika sheria za nchi.

Mheshimiwa Tindwa alisimama. "Mheshimiwa Sana, naomba mimi nianze na hiyo ya mseto, iwe mfano. Ombi langu ni moja. Kila lita itakayookolewa iende Mtondoni, kwenye gari la wagonjwa."

Mheshimiwa Sana alifikiri, na Baraza zima likafikiri pamoja naye.

"Kila lita," alisema mwishoni. "Sisi si taifa la nusu lita. Wahenga wetu walitembea kwa miguu ili sisi tupande, na sisi tutapanda ili wajao waokoe. Historia itatuuliza tulikwenda wapi, nasi tutaijibu tulitumia kiasi gani. Iandikwe."

Ikaandikwa, na watu wakapiga makofi. Ijumaa iliyofuata Mheshimiwa Tindwa alikuwa wa kwanza kupiga simu.

"Dada, hamisheni vifaranga," alisema.

*

Safari ya kwanza ya gari jipya ilikuwa kwenda kuzindua choo cha soko kuu. Bendi ilikuwa tayari, mkuu wa mkoa alikuwa tayari, na binti wa shule alikuwa ameshika shada la maua. Dereva, Bwana Chande, alisimamisha gari mbele ya zulia jekundu kwa ustadi wa mtu aliyeendesha mawaziri watano, wote wakiwa wamekwisha zimiwa. Mheshimiwa Tindwa akashuka akitabasamu. Nyuma yake injini ikajizima.

Mpiga tarumbeta ndiye aliyesikia kwanza. Aliishia katikati ya wimbo wa taifa, na wenzake wakaishia hapohapo. Mwalimu alimvuta binti wa shule kwa upole, maua na yote, akamrudisha mstarini. Mkuu wa mkoa, aliyekuwa ameshanyoosha mkono, aliurudisha kidogokidogo mfukoni kama mtu aliyekumbuka kutafuta funguo.

"Chande!" Mheshimiwa Tindwa aligeuka. "Liwashe!"

"Limewaka, Mheshimiwa."

"Mbona silisikii?"

"Ndivyo lilivyo likiwaka. Tazama hapa, taa ya kijani. Linasema liko tayari."

"Linamwambia nani?"

"Linaniambia mimi, Mheshimiwa."

Mheshimiwa Tindwa aliwageukia wananchi. "Ndugu zangu, gari liko hai. Linatumia betri!"

"Tumeelewa, baba," alisema mama mmoja muuza dagaa, kwa huruma. "Pole sana. Ndiyo dunia."

Mshereheshaji akakohoa kwenye kipaza sauti. "Sasa namkaribisha mkuu wa mkoa akate utepe," alisema, "na tunamshukuru ndugu Anzuruni kwa kuja kutuaga."

Kutoka Mheshimiwa hadi ndugu hakukuchukua muda wa kumenya chungwa.

Alipofika nyumbani alikuta mikeka imetandikwa uani na majirani wameketi. Wanawake walikuwa wameleta sukari. Mkewe, Mwajabu, alikuwa akigawa chai, na mapazia ya sebuleni, ambayo ni mali ya serikali, alikuwa ameshayavua na kuyakunja.

"Mwajabu, sijazimiwa," alimnong'oneza jikoni.

"Najua, baba Rehani."

"Sasa mapazia?"

"Mimi najua. Lakini watu wamesikia."

"Wamesikia nini?"

"Hawakusikia kitu, mume wangu. Ndilo tatizo lenyewe. Kawasalimie, wanakusubiri wakupe pole."

Akatoka, akakaa mkekani, akapewa pole mpaka magharibi. Jirani mmoja alimshika bega, akasema alikuwa bado kijana kazini.

*

Kesho yake alikwenda Ikulu. Alimkuta Mheshimiwa Sana na Mkuu wa Itifaki, Bwana Theobadi Nyenzi, mtu mrefu aliyekuwa na desturi ya kusimama kila alipozungumza na mkubwa kwa simu, hata akiwa peke yake chumbani.

"Sikukuzima," alisema Mheshimiwa Sana.

"Nashukuru sana, Mheshimiwa Sana."

"Lakini wananchi wamesikia umezimwa. Na serikali yangu ni sikivu. Siwezi kuwaambia wananchi kwamba hawakusikia walichokisikia."

Mheshimiwa Tindwa alihisi miwani yake ikimlemea puani. Aliwaza dada yake akiwahamisha vifaranga.

Bwana Theobadi akainama kidogo. "Itifaki ina pendekezo. Jeshi lina malori ya zamani, dizeli, silinda sita, yaliyonunuliwa kwa ajili ya vita ambayo kwa bahati mbaya haikutokea. Lori moja liwe linalifuata gari la Mheshimiwa Tindwa. Gari likisimama, lori lisimame kando yake na kunguruma kwa niaba yake."

"Litabeba nini?" aliuliza Mheshimiwa Tindwa.

"Mngurumo, Mheshimiwa."

"Na mafuta yake? Lori la namna hiyo likinguruma kutwa nzima…"

"Hayatahesabiwa kwenye gari lako," Bwana Theobadi alimtuliza. "Mngurumo ni mila. Mafuta yake yatatoka Wizara ya Utamaduni. Gari lako litabaki na rekodi safi kabisa."

Mheshimiwa Sana alitikisa kichwa kwa kuridhika, na kanuni ikatungwa asubuhi hiyohiyo: kila gari la mseto la serikali, popote lilipo, litaambatana na lori la mngurumo lenye tangi lililojaa. Na ili kuzuia uzembe, Mkuu wa Itifaki atalipigia simu kila lori kila asubuhi, dereva aisogeze simu kwenye injini, mngurumo ukaguliwe.

Mheshimiwa Tindwa alirudi kuwa Mheshimiwa siku hiyohiyo. Alipokwenda tena sokoni, lori lilinguruma kando ya choo hata vioo vya maduka vikatetemeka. Mama muuza dagaa alipiga vigelegele. Mkuu wa mkoa alimkumbatia na kumweleza kwamba yeye binafsi hakuwahi kuwa na shaka.

Ila wenzake Barazani walianza kumtazama vibaya. Mtu huyu, waliambiana, alijifanya mnyenyekevu akachagua injini ndogo kuliko zote, na sasa ananguruma kwa silinda sita. Kabla mwezi haujaisha Waziri wa Mipango alitangaza kwamba dhamiri yake ya mazingira imeamka. Dhamiri ya Waziri wa Mambo ya Ndani ikaamka siku ya pili. Wote wakataka mseto, kila mseto ukaja na lori lake, na manaibu waliomba malori makubwa zaidi kwa kuwa, walisema, wao walikuwa wamedhulumiwa silinda tangu mwanzo.

Makao makuu yakaanza kutikisika. Walimu wa shule za karibu na wizara waliacha kusema na kubaki kuandika ubaoni. Madaktari walipima mapigo ya moyo kwa kukisia. Nguo zilizoanikwa uani zilianuliwa zikiwa nyeusi, na muuza sabuni aliyeuliza jambo hili hadharani alielezwa kwamba masizi ni ya Wizara ya Utamaduni, akayachukulia kwa heshima.

Mwisho wa mwaka alikuja mpimaji kutoka nje. Alipima magari ya serikali, moja baada ya jingine, kwa vyombo vya kisasa. Malori hakuyapima, kwa kuwa hayakuwa magari, yalikuwa mila. Alikuta kwamba hakuna serikali duniani inayosafiri kwa mafuta machache kiasi hicho. Mheshimiwa Sana akapewa nishani, akaivaa, akahutubia uwanjani. Hakuna aliyesikia hata neno moja, lakini ilisemekana ilikuwa hotuba nzuri.

*

"Anzu, umekula?"

"Nimekula, dada."

"Nimesikia redioni tumeongoza dunia. Hongereni. Mafuta yatafika lini?"

"Yameokolewa, dada."

"Yako wapi?"

"Yameokolewa."

"Hilo nimelisikia. Nauliza yako wapi." Kwenye simu kulisikika mashine ya kusaga mahindi iliyokuwa jirani na kituo. "Anzu, wale vifaranga sasa ni kuku, na wao wametaga. Mke wa mwalimu Ngole ana mapacha, mmoja kalala vibaya. Hawezi kuzalia hapa. Na mvua zimeanza, mkokoteni hautapita bondeni. Namwambia nini huyu mama? Nimwambie yameokolewa?"

Baada ya kuagana Mheshimiwa Tindwa alipiga tena hesabu yake ndogo, na safari hii hakushangaa. Magari yalikuwa yameokoa kweli. Malori yalikuwa yameyanywa yote yaliyookolewa, na mengine zaidi.

Jumatatu Barazani aliomba kusema. Nje malori yalinguruma yakiwa yamejipanga kwa vyeo, na maji yalitikisika kwenye bilauri. Ilibidi apaze sauti, jambo ambalo hakulizoea.

"Mheshimiwa Sana, uliahidi kila lita."

"Niliahidi, na nitaahidi tena."

"Mtondoni haijafika hata moja. Malori yamekunywa. Naomba yazimwe."

Waziri wa Mambo ya Ndani aliweka kalamu chini. "Yote?" aliuliza. "Mheshimiwa Tindwa, unataka nchi iamke kesho isikie haina serikali?"

"Basi moja tu," alisema Mheshimiwa Tindwa. Alijua anachokisema. Aliivua miwani yake kabla ya kukisema. "Langu. Mafuta yake yaende Mtondoni leo hii. Kuna mama anasubiri."

Mheshimiwa Sana alimtazama kwa huzuni ya kweli. "Umeomba mwenyewe?"

"Nimeomba mwenyewe."

"Iandikwe kwamba katika serikali yangu hakuna anayeomba akanyimwa." Akampa ishara Bwana Theobadi, Bwana Theobadi akaenda dirishani, akapunga leso.

Ilikuwa sauti moja tu katika nyingi, lakini Mheshimiwa Tindwa aliisikia ilivyokata. Akakunja miwani, akainamisha kichwa, akatoka. Kwenye ngazi alimwuliza Bwana Theobadi kama mafuta yataanza safari mchana huo.

"Mafuta gani, ndugu Anzuruni?"

"Ya lori langu. Yameombwa na kukubaliwa."

"Yaliombwa na waziri," alisema Bwana Theobadi, bila ubaya wowote. "Sasa waziri huyo hayupo. Akiteuliwa mwingine, tutamwuliza kama bado anaomba. Ila gari chukua. Gari la aliyezimiwa halikaliwi na mwingine, lina mkosi."

Bwana Chande alimkabidhi funguo, akamshika mkono kwa mikono miwili, na kwenda kumwendesha waziri mwingine.

*

Anzuruni hakuwa ameshika usukani miaka mingi. Alitoka makao makuu polepole, akiomba radhi kwa kila aliyempita. Nje ya mji mngurumo ulififia nyuma yake, na kwa mara ya kwanza akasikia gari lake lilivyo: matairi, mvua, na pale barabara iliposhuka, hakuna kitu kabisa. Mshale wa mafuta haukuteremka hata kidogo mpaka alipopita nusu ya njia.

Zamoyoni alimpokea uani mwa kituo. Alilizunguka gari mara moja, akafungua mlango wa nyuma, akakunja kiti. Kikawa tambarare kama kitanda.

"Na mafuta?" aliuliza.

"Ni haya yaliyomo, dada. Mengine hayakupatikana."

"Na wewe?"

"Nimezimiwa."

"Pole, mdogo wangu. Utalia baadaye. Shika huku tumpandishe mama Ngole."

Mapacha walizaliwa hospitali ya wilaya, wote wawili wazima. Wakaitwa Zima na Washa, kwa kuwa baba yao alikuwa mwalimu na aliwahi kuishi makao makuu.

Baada ya hapo Anzuruni akawa dereva wa Mtondoni. Wagonjwa walilipenda gari. Hawakujali habari za mkosi. Walisema ni gari pekee walilowahi kupanda ambalo mtu anaweza kuugua humo kwa utulivu. Mkunga aliweza kusikiliza tumbo la mama njiani, akasikia. Lakini hata injini inayobana mafuta hubana mafuta yaliyopo. Kila safari Anzuruni aliutazama mshale, na kila safari ulikuwa umeshuka kidogo. Ulipogusa mstari mwekundu, dada yake alimwambia asimwambie mtu, na wote wawili wakalitazama tena gari la zamani pale uani, na kuku wake.

Lori lilifika asubuhi ya siku hiyo.

Waliusikia mngurumo kabla ya kuliona. Lilipanda mlima likitoa moshi, likaingia uani, likajipanga kando ya krosova, likaendelea kunguruma. Dereva wake akashuka, akapiga saluti.

"Koplo Sijaona, lori la mngurumo. Natafuta gari la mseto la serikali."

"Mimi nimezimiwa, Koplo," Anzuruni alimweleza kwa sauti ya juu. "Utakuwa umekosea."

"Wewe sikujui, mzee. Kanuni ni ya gari. Gari la mseto, popote lilipo. Wamegundua hili linatembea kimya huku, wakashtuka sana."

Zamoyoni alikuwa ameshalikaribia lori. "Koplo, baba yangu. Hili unaliletea mafuta wewe mwenyewe?"

"Hapana, mama. Kila wiki lori la serikali litapita kulijaza. Kanuni inasema tangi lililojaa."

"Dizeli?"

"Dizeli."

"Kama lile," alisema Zamoyoni, akilionyesha gari la wagonjwa. Kisha akauliza kwa upole kama Koplo amekula, kama ana watoto, na mkewe alijifungulia wapi. Koplo akajibu maswali yote. La mwisho alilijibu akitazama chini. Halafu akaliendea lori mwenyewe, akalizima, na kuuliza nani ana mpira.

Mlinzi aliwahamisha kuku. Mpira ulipitishwa kutoka tangi hadi tangi, na gari la wagonjwa, baada ya kukohoa sana na kutema manyoya, likawaka. Walikuwa bado wanashangilia simu ya Koplo ilipolia. Koplo akaitazama, uso ukambadilika.

"Itifaki," alisema. "Wanataka kusikia mngurumo."

Lori lilikuwa limekwisha kauka. Gari la wagonjwa lilikuwa limeshatoka langoni na Zamoyoni ndani yake. Anzuruni alitazama huku na huku, kisha akamshika Koplo mkono, wakakimbia kuvuka njia hadi kwenye banda la mashine ya kusaga. Kulikuwa na foleni, wanawake na madebe yao ya mahindi, na mashine ilikuwa katikati ya kazi. Koplo akaisogeza simu kwenye injini yake, akaishika hapo kwa mikono miwili.

Huko makao makuu Bwana Theobadi Nyenzi alisikiliza muda mrefu kuliko kawaida.

"Koplo," alisema mwishoni, kwa sauti iliyoshuka. "Huo si mngurumo wa waziri. Sijawahi kuusikia huo. Huko amefika nani?"

Koplo alimtazama Anzuruni. Anzuruni aliwatazama wanawake kwenye foleni. Wa mbele kabisa alikuwa mjamzito, ameshasagiwa na kujitwisha debe la unga, na kwa kuwa hakuna aliyempisha alikuwa amesimama tu akisubiri wanaume hao wawili watoke mlangoni.

"Ni mama mmoja, mkuu," Koplo alisema. "Anataka kupita."

Anzuruni alikuwa karibu na simu, akasikia vizuri kabisa, hata ndani ya kelele ile: kiti kikikwaruza sakafu, Bwana Theobadi akisimama wima peke yake ofisini.

"Mpisheni," ilisema simu.

Wakampisha.